Kabla Arubaini Haijaanza: Kumwandalia Moyo Mama Atakayenyonyesha

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, mkoba wa kujifungulia huwa tayari wiki kadhaa kabla, ukiwa na kanga, nepi, sabuni na mkaja wa kumfunga mzazi tumbo. Kinachosahauliwa ni mazungumzo, nayo ndiyo yanayofaa kufanywa mapema, mwenye mimba akiwa bado na nguvu ya kusema anachokitaka.

Mume na ajue kuwa kati ya siku ya pili na ya nne baada ya kujifungua dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, hugeuka maziwa mengi, matiti hujaa na kuuma, na homoni za ujauzito nazo zimekwisha kushuka kwa ghafla, hata mzazi akaweza kulia kwa kulitazama tu bakuli la uji wa pilipili manga aliloletewa. Kilio hicho kwa kawaida hupoa ndani ya wiki mbili, na si dalili kwamba hakumfurahia mtoto.

Linalohitaji maandalizi zaidi ni maneno ya wageni. Hakosekani wa kusema, "Mtoto analia njaa huyu, maziwa yako mepesi," na neno hilo humchoma mzazi kuliko chuchu iliyochubuka. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Kipimo cha kushiba kwake ni nepi 6 au zaidi zilizolowa kila siku baada ya siku tano za mwanzo, pamoja na uzito unaopimwa kliniki. Tena hofu huchelewesha homoni inayoyasukuma maziwa yatoke, kwa hiyo anayemtisha mzazi humzidishia tatizo lilelile analolilalamikia. Supu ya pweza inywewe, ni chakula kizuri, ila kinachoongeza maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara. Ni vyema achaguliwe mtu mmoja, mavyaa au somo (kungwi wake), wa kuwajibu wageni kabla hawajafika kitandani.

Binafsi naona kosa kubwa ni kuipangia arubaini peke yake. Siku ya 41 mkandaji hayupo, mama yake mzazi amesharudi kwake Wete, na mzazi aliye mkulima wa mwani Paje anayahesabu maji ya bamvua, yanapokupwa sana, yampe nafasi ya kurudi shambani. Upweke huanzia hapo, na ndiyo sababu iamuliwe mapema ni nani atakayempokea mtoto alfajiri ili mama alale saa mbili mfululizo, na ni nani atakayepika. Kunyonyesha kukimshinda, wazee wakumbushwe kuwa Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inayotaja miaka miwili kamili, ndiyo hiyohiyo inayoruhusu kumwachisha mtoto kwa kuridhiana na kushauriana.

Huzuni ikizidi wiki mbili, au mama akikosa usingizi hata mtoto anapolala, aende kituo cha afya. Zipo dawa zinazoweza kutumiwa bila kuacha kunyonyesha. Akianza kusikia sauti wasizozisikia wengine, au kusema atajidhuru au atamdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Anayetaka kumsomea amsomee njiani, na mpaka wafike asiachwe peke yake na mtoto hata kwa muda wa kuchota maji.