Somo: Kuandika mahitaji ya diski na mfumo wa faili kwa seva ya hifadhidata

Ndugu mafundi wa Malindi na Lamu, swali la "hifadhidata inahitaji diski ya aina gani?" limejibiwa hapa mara nyingi, na kila mara jibu huzama chini ya mazungumzo mengine. Naliandika sasa kwa ukamilifu, ili kila anayekabidhi mfumo kwa zahanati, shule au hoteli aache waraka ambao fundi atakayemfuata ataweza kuutegemea.

Kwanza, andika jina la programu, toleo lake na mfumo endeshi.

Pili, andika ukubwa wa data ya sasa na kiasi inachokua kwa mwezi, kisha ongeza nafasi ya faharasa, logi za miamala (kumbukumbu ya kila badiliko la data) na nakala za akiba.

Tatu, taja mfumo wa faili kwa jina (ext4, XFS au NTFS) na vigezo vilivyotumika kuupachika, yaani kuuunganisha na saraka ya mfumo endeshi ili utumike.

Nne, eleza ni nini kinachohakikisha kwamba kilichoandikwa kimefika kwenye diski. Hapa ndipo nyaraka nyingi huwa kimya, na hapa ndipo data hupotea. Muamala unapokamilika, hifadhidata huita fsync (ombi kwa mfumo endeshi kwamba data iandikwe kwenye diski sasa hivi) na kusubiri jibu. Diski au kontrola (kadi inayoziendesha diski) ikijibu "tayari" ilhali data ingali kwenye kache yake, yaani kumbukumbu yake ya muda, kisha umeme ukakatika, risiti ambayo mteja ameshaondoka nayo haitaonekana popote kwenye mfumo. Kwa hiyo waraka useme waziwazi kama diski ina kinga dhidi ya kukatika kwa umeme na kama kache ya kontrola ina betri. UPS (betri ya akiba ya umeme) husaidia, lakini haichukui nafasi ya kinga hiyo, kwa sababu pawasaplai ya seva yenyewe yaweza kuungua. Pima pia: PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ina zana iitwayo pg_test_fsync inayopima kasi ya fsync. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Ikidai kumaliza maelfu ya fsync kwa sekunde, moja baada ya nyingine, ipo kache inayojibu kabla ya wakati.

Onyo: usizime fsync ili kupata kasi. Onyo jingine: fsync ikishindwa, kuirudia hakutoshi. Mwaka 2018 waundaji wa PostgreSQL walibaini kwamba kwenye Linux wito wa pili uliweza kufaulu ilhali data imekwisha kutupwa. Tangu matoleo ya 2019, programu hujisimamisha na kujirejesha kutoka kwenye logi.

Tano, andika ni mtumiaji gani anayemiliki saraka ya data, na ruhusa zake.

MASWALI

Mpeketoni: Sasa mimi niweke GB ngapi?

Jibu: Soma hatua ya pili. Lete ukubwa wa data na ukuaji wake, kisha tutahesabu.

Lamu: Shikamoo mwalimu. Kompyuta zetu tatu za duka la dawa hufungua faili moja la SQLite (hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja) kwenye folda ya mtandao, na faili hilo huharibika. Je, diski ndiyo mbovu?

Jibu: Marahaba, umeuliza vyema. Huenda diski ni nzima. SQLite hutegemea kufuli za mfumo wa faili, zinazozuia wawili kuandika kwa wakati mmoja, na kwenye folda nyingi za mtandao kufuli hizo si za kuaminika, hivyo kompyuta mbili zaweza kuandika kwa pamoja. Weka PostgreSQL au MariaDB kwenye kompyuta moja, nyingine ziunganishwe nayo. Ukibaki na SQLite, waraka useme kwamba faili likae kwenye diski ya ndani na litumiwe na mashine hiyo pekee.

Watamu: Nakala ya akiba hukwama ikifika GB 4 ninapoihamishia kwenye flashi.

Jibu: Flashi hiyo imefomatiwa kwa mfumo wa faili wa FAT32, ambayo haipokei faili la kuzidi hapo. Hamisha vilivyomo, kisha uifomati kwa exFAT.

Malindi: Nimeona ikishauriwa kwamba saraka ya data isiwe mahali penyewe diski inapopachikwa. Kwa nini?

Jibu: Ahsante kwa kulileta hili, nami nitaliongeza kwenye hatua ya tano. Seva ikiwaka bila diski ile kupachikwa, pale hubaki saraka tupu ya diski ya mfumo, na hati ya kuwasha yaweza kuanzisha hifadhidata mpya humo bila mtu kutambua. Tengeneza saraka ndogo ndani ya diski, imilikiwe na mtumiaji wa hifadhidata, na mahali pa kupachika pamilikiwe na root, msimamizi mkuu wa mfumo. Diski ikikosekana, programu itakataa kuwaka nawe utajua mara moja.