Kuonesha filamu ya askari mla rushwa, na kuyawahi maoni kabla watu hawajavaa makubadhi

Filamu ya askari mla rushwa aliyeruka akili haipokelewi kama filamu ya kawaida ya polisi na majambazi. Watu wanacheka, kisha wanaona haya kwa kucheka. Kicheko hicho ndicho cha kuwahiwa. Kikishapita, ukiuliza "mmeionaje?" utajibiwa "nzuri", na ua wa nyumba mlimoonesha filamu unabaki mtupu.

Mfano wetu ni Bad Lieutenant: Port of Call New Orleans ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Werner Herzog. Nicolas Cage ni askari anayeumia mgongo akimwokoa mfungwa katika jela iliyofurika wakati wa kimbunga Katrina. Anaanza na vidonge vya maumivu, anaishia kwenye kokeini, na huku anapeleleza mauaji ya familia ya wahamiaji kutoka Senegal.

Inachukua dakika 122. Ianze saa 2:15 usiku, watu wameshatoka Isha. Itaisha karibu saa 4:20, na dakika 40 za mazungumzo zinatosha. Kibali cha BASSFU, baraza la sanaa na filamu la Zanzibar, kiombwe mapema na sheha apewe taarifa. Marekani iliipa daraja R kwa dawa za kulevya, matusi na mambo ya chumbani, kwa hivyo iwe ya watu wazima tu. Chagueni ua wenye ukuta na mlango mmoja, si uwanja: watoto wa mtaa hawaalikwi lakini hawakosi.

Kitambaa cha marekani cha mita 3 kwa 1.7 kinatosha watu 50 hivi. Kipigwe upindo juu na chini, kipitishwe mianzi, kifungwe kukabili ukuta. Kikiachwa wazi msimu wa kusi kinatuna kama tanga, na uso wa Cage unatuna nacho. Projekta ya lumeni 3,000 yenye uwiano wa 1.5 (umbali wake ukigawanywa kwa upana wa picha) ikae mita 4.5 kutoka kwenye kitambaa.

Kazi kubwa ni ya DJ anayetafsiri. Mazoea yake ni kujaza kila pengo kwa maneno, na humu mapengo ndiyo yenye utamu. Mwambieni anyamaze mahali pawili: jelani, maji yakimpanda mfungwa, na katika nyumba ya wazee, pale askari anapomng'oa bibi kizee mpira wa oksijeni ili mwuguzi aseme. Hapo pa pili ndipo waliokuwa wakimshangilia hukatika kicheko; DJ akitia mzaha, mmekosa kitu kikubwa cha usiku huo.

Kuna na neno igwana. Cage anawaona mezani, wenziwe hawawaoni, na kamera inamkaribia mnyama mpaka magamba yanajaa kitambaani. DJ akisema "kenge", ua utaangua kicheko, kwani kenge kwetu ni tusi pia, na hakosi mtu wa nyuma wa kumalizia kwamba msafara wa mamba haukosi kenge. Kwa mtaalamu wa wanyama ni kosa, igwana ni mjusi wa Amerika. Liacheni. Mtu wa nyuma ameshaanza kuwazungumzia polisi wa filamu nzima, si mmoja.

Wawekeni waandishi wawili pembeni, daftari mkononi, saa ya simu imeanzishwa pamoja na filamu. Waandike dakika na kilichotokea: kicheko, mguno, kimya, mtu kuondoka. Msiwarekodi watu kwa video. Wakiiona kamera wanajikaza.

Taa zikiwaka, mimineni kahawa kwanza, kisha someni daftari: "Dakika fulani mlicheka. Mlimcheka nani?" Vijana waanze. Mzee akitangulia kutoa hukumu, hakuna kijana atakayempinga mbele za watu, na barza imekwisha hapo. Wanawake wakiwa wamekaa nyuma, mwenyekiti ahamie nyuma. Kuwaita mbele hakusaidii.

Hatari ya kweli ni mazungumzo kuhamia kwa askari wa barabarani wa huku, na majina kuanza kutajwa. Mwenyekiti akate mara moja: majina ni ya filamuni tu. Asiwakemee, awaulize kwa nini mtu huyu, pamoja na uchafu wake wote, anapandishwa cheo. Swali hilo peke yake linaweza kula dakika 20, basi liwekeni akiba mpaka litakapohitajika.