Jinsi ya kuangalia Game of Thrones bila kuiachia njiani

Wengi wanaianza hii tamthilia ya TV, wakifika episodi ya tatu wanaacha, eti inaboa, watu wanapiga stori tu, majoka ya moto yako wapi. Majoka yanatotolewa dakika za mwisho kabisa za episodi ya 10, ndo sizoni ya kwanza imeisha hapo, kwa hiyo kama umekaa kusubiri moto utaumia bure. (Humu naharibu uhondo, kama hujaiona ishia hapa.)

Simu weka mbali, na hiyo spidi ya 1.5 sahau. Majina ni mengi mno, we shika familia mbili tu, Stark na Lannister, wengine utawazoea hukohuko mbele.

Af kila sini jiulize, huyu anataka nini na anaficha nini? Kwenye kitabu mawazo ya mhusika unayasoma, kwenye TV hayaonekani, so lazima apewe mtu wa kuongea naye au kazi ya mikono. Cheki sizoni ya kwanza episodi ya 7, Tywin, mkuu wa familia ya Lannister, anavyoingia mara ya kwanza, anachuna kulungu mwenyewe huku anamsema mwanae Jaime, tajiri wa vile, damu mikononi, na wala hapandishi sauti. Hakuna aliyekwambia huyu mzee ni hatari ila ushamwogopa tayari.

Jaime mwenyewe sasa. Episodi ya kwanza anamsukuma mtoto dirishani, unamchukia kabisa, sizoni ya 3 anakatwa mkono, af episodi ya 5 yuko bafuni na Brienne, yule mwanamke mpiganaji, anamsimulia kwa nini alimuua mfalme aliyeapa kumlinda, na mimi hapo nikajikuta namwonea huruma, we! Hiyo huruma imepikwa episodi 25, ukiangalia vipande vipande YouTube huipati.

Lakini sio kila polepole ni ufundi. Sini ikiisha angalia kama kuna kitu kimebadilika, mtu kajua siri, kaamua jambo, kapoteza kitu. Zikipita tatu hakuna, ruka tu, mi mambo ya Dorne, ile nchi ya kusini, sizoni ya 5 niliyaruka na sijutii.

Mwishoni tatizo linageuka, sasa hadithi inakimbizwa. Sizoni sita za mwanzo ni episodi 10 kila moja, ya saba zikawa 7, ya nane 6 tu, ndo maana Daenerys, yule mwenye majoka, anachoma mji mzima na wewe unabaki unashangaa, ukali anao toka zamani ila haukupewa muda wa kuiva. Ukifika huko angalia moja kwa siku, usimalize zote usiku mmoja.