Pasipoti Mpya, Akaunti ya Zamani: Kwa Ndugu Mnaoishi Uingereza

Kadi nyingi za ukaazi ziliisha muda tarehe 31 Desemba 2024, na sasa kibali chako kimo katika akaunti ya intaneti ya idara ya uhamiaji ya Uingereza, iliyofungamanishwa na namba ya pasipoti. Kufungua akaunti si kazi kubwa. Ninachowasihi ni kwamba ukipata pasipoti mpya, iingize humo kabla hujakata tiketi.

Mimi nilibadilisha yangu nikiwa likizo Dar es Salaam, nikatulia. Uwanjani, kijana wa shirika la ndege aliandika namba yangu mara tatu, kisha akanigeuzia skrini nijionee: hakuna kibali. Nilipotaka kuingia kwenye akaunti yangu, namba ya siri ilitumwa kwenye laini yangu ya Uingereza, ambayo ilikuwa ndani ya droo, Leicester. Ndege ikaondoka, nikarudi Mbagala na masanduku yangu.

Shangazi aliuliza, "Huko si ndiko kwenye uhuru?" Shangazi yangu, uhuru wa Waingereza una milango yake. Mwaka 2010 walifuta vitambulisho vya taifa kwa jina la uhuru wa raia, na sisi tuliozoea kudaiwa namba ya NIDA kila dirishani tunawaonea wivu. Lakini mwaka 2012 Theresa May, akiwa waziri wa mambo ya ndani, alitangaza azma ya kuwawekea wasio na kibali mazingira ya uhasama, na sheria ya mwaka 2014 ikamgeuza mwenye nyumba kuwa ofisa uhamiaji asiye na mshahara. Leo akimpangisha asiyeruhusiwa, kosa la kwanza tu linaweza kumgharimu faini ya hadi pauni 10,000 kwa kila mkaazi. Hakuna anayekufokea, unaombwa radhi kwa upole, na nyumba huipati. Kashfa ya Windrush ya mwaka 2018 ilionyesha wazee wenye asili ya Karibi, wakaazi halali kwa miongo, waliopoteza kazi na makazi kwa kukosa karatasi. Askari mkali wa kwetu nimewahi kubishana naye hadi akacheka, ila skrini haina wa kubishana naye.

Kwa kupanga nyumba England, toa kwenye akaunti yako msimbo unaoanza na R, unaodumu siku 90, ili mwenye nyumba akague kibali chako. Scotland haina ukaguzi huo. Pasipoti mpya, narudia, iingizeni mapema, muongeze na barua pepe mnayoweza kuifungua popote. Na laini ya Uingereza isiachwe kwenye droo.