Jinsi ya Kuchagua Mahali pa Kutembelea Tanzania: Pwani, Milima na Hifadhi za Wanyama

Mtu anayepanga kuizunguka Tanzania, awe mgeni kutoka nchi jirani au mwananchi ambaye kwa miaka mingi hajatoka nje ya mkoa wake, hasumbuliwi na uhaba wa mahali pa kwenda, bali na wingi wake. Kosa ninaloliona likirudiwa mara nyingi ni kuanza na majina makubwa na kuyafunga pamoja: Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar ndani ya juma moja, kana kwamba viko mtaa mmoja. Safari ya namna hiyo huishia barabarani na kwenye vituo vya usafiri, na kila mahali msafiri hufika akiwa amechoka na kuondoka kabla hajapaona vizuri. Ninashauri mpangilio ulio kinyume cha huo. Anza na mwezi utakaosafiri, kisha hesabu siku ulizo nazo, kisha chagua kanda moja ya nchi, na jina la mahali liwe la mwisho kuandikwa.

Mwezi unatangulia kwa sababu mahali pamoja huwa na sura mbili au tatu kwa mwaka. Kaskazini na katika ukanda wa pwani kuna misimu miwili ya mvua, yaani masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kusini, katikati na magharibi mwa nchi msimu wa mvua kwa kawaida ni mmoja, unaoanza karibu na Novemba au Desemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kutokana na tofauti hiyo, mwezi wa Februari unaweza kuwa wa jua kali na anga safi kwa anayepanda Kilimanjaro, ilhali kwa anayeelekea Katavi, hifadhi iliyo magharibi mwa nchi, ni mwezi wa tope, magari yaliyokwama na kambi zilizofungwa.

Serengeti ndiyo inayodai uangalifu mkubwa kuliko zote, kwa kuwa nyumbu ambao watu wengi huwafuata hawakai mahali pamoja. Kuanzia Januari hadi Machi hivi, makundi huwa kusini, katika tambarare za Ndutu, ambako majani mafupi yanayoota juu ya udongo wa majivu ya volkano yana madini yanayowafaa wanyama wanaonyonyesha, na huko ndiko ndama wengi huzaliwa. Mvua zinapopungua, makundi huelekea magharibi, upande wa mto Grumeti, na kati ya Julai na Oktoba hufika kaskazini kwenye mto Mara, ambako watu hukaa kwenye kingo kusubiri wanyama wavuke. Novemba safari ya kurudi kusini huanza. Mvua ikichelewa na nyumbu nao huchelewa, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuahidi siku ya kuvuka mto, na wakala anayekuahidi hivyo hastahili kuaminiwa. Hifadhi hii ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, na anayelala kusini mwezi wa Agosti akitegemea kuona wanyama wakivuka mto Mara atakuwa amekosea umbali wa siku nzima ya gari. Hata hivyo simba, twiga, tembo na chui hawahami pamoja na nyumbu, na eneo la Seronera, katikati ya hifadhi, linafaa mwaka mzima kwa mtu asiyejali sana msafara huo.

Hifadhi nyingine zina kalenda iliyo rahisi zaidi, kwa sababu inafuata maji. Tarangire huwa bora kuanzia Julai hadi Oktoba, wakati mabwawa ya nje yamekauka na mto Tarangire unabaki kuwa tegemeo la tembo wa eneo pana. Mvua zikianza, wengi wao hutawanyika nje ya mipaka ya hifadhi. Ruaha, Katavi na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya Pori la Akiba la Selous, nazo ni za kiangazi. Kitulo, katika nyanda za juu kusini, hufuata kanuni iliyo kinyume kabisa. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na maua yake huchanua wakati wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, kwa hiyo anayekwenda Agosti ataukuta uwanda mkubwa wa majani makavu na baridi kali. Ningependa watu wengi zaidi waijue Kitulo, kwa maana ni mahali ambapo mtu hutembea kwa miguu siku nzima akitazama okidi, na ukimya wake ni wa aina usioupata katika hifadhi zenye misululu ya magari.

Kuhusu pwani, picha za matangazo huficha jambo ambalo kila mvuvi analijua, nalo ni kupwa na kujaa kwa maji. Mashariki mwa Unguja, katika vijiji kama Paje na Jambiani, maji yanapokupwa bahari hurudi nyuma mbali sana, ukabaki mchanga, madimbwi na mashamba ya mwani. Ni mandhari ya kupendeza kwa anayependa kutembea na kutazama maisha ya watu wa pwani, lakini anayetaka kuogelea saa yoyote hataridhika. Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, hubaki na maji ya kutosha karibu muda wote, na ndiyo sababu mojawapo ya kujaa watu. Kabla ya kulipia chumba, angalia ratiba ya maji ya siku utakazokuwapo, ukikumbuka kwamba wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kukupwa huwa kubwa zaidi. Zingatia pia pepo. Kaskazi huvuma takribani Desemba hadi Machi na huleta joto na bahari tulivu zaidi. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba na huchafua bahari upande wa mashariki, ingawa wanaocheza na tiara juu ya maji huutafuta upepo huohuo.

Unguja, pamoja na uzuri wake wote, isiwe jibu la moja kwa moja kila mtu anaposema anataka bahari. Mafia huwa na papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani na asiyemdhuru mtu, hasa kati ya Oktoba na Februari, na matumbawe yake yamehifadhiwa chini ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Huko hufikiwa kwa ndege ndogo au kwa chombo kutoka bandari ya Nyamisati, iliyo bara. Pemba ni kisiwa cha vilima, mikarafuu na msitu wa Ngezi, nacho kinawafaa wapiga mbizi kuliko wanaotafuta fukwe ndefu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, humpa msafiri bahari pamoja na magofu ya mji uliowahi kutajirika kwa biashara ya dhahabu. Pangani na Saadani zinamfaa anayetaka utulivu bila kuvuka maji, na Saadani ina sifa ya pekee ya kuwa hifadhi ya wanyama inayogusa Bahari ya Hindi. Ukipanga kwenda visiwani wakati wa Ramadhani, elewa kwamba mahali pengi pa kula hufungwa mchana, na heshima inataka usile hadharani.

Upande wa milima, swali la kwanza si mlima upi ulio mrefu, bali mwili wako una siku ngapi za kuzoea hewa nyepesi. Kilimanjaro ina mita 5,895, na wengi wanaoshindwa kufika kileleni hawashindwi na miguu, bali na maradhi ya mwinuko, ambayo huwapata hata vijana wenye nguvu wanaopanda haraka. Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala na mara nyingi huuzwa kwa siku tano. Mimi ningelipia siku ya sita bila kusita, au ningechagua njia ya Lemosho ya siku saba au nane, ambayo humpandisha mtu taratibu. Miezi mizuri ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba. Asiyetaka kileleni naye ana nafasi yake: anaweza kupanda kwa siku moja kutoka lango la Marangu hadi kibanda cha Mandara, akapita katika msitu wa mvua na kurudi jioni.

Meru, wenye mita zaidi ya 4,560, unastahili sifa kubwa kuliko inayopewa. Hupandwa kwa siku tatu au nne pamoja na askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati na tembo, na ukingo wake mwembamba juu ya kreta, yaani shimo kubwa la volkano, unahitaji mtu asiyeogopa kimo. Kwa familia, ningeelekeza macho Usambara. Ukipanda kutoka Mombo hadi Lushoto, mwendo wa takribani kilomita 33 za kona, unafika kwenye baridi, mashamba ya matunda na ukingo wa Irente unaotazama tambarare ya chini. Udzungwa ina maporomoko ya Sanje yenye kimo cha mita 170 hivi, na Tukuyu, chini ya mlima Rungwe, inamfungulia msafiri ziwa Ngozi lililo ndani ya kreta na Daraja la Mungu, ambalo ni daraja la asili la mwamba, kisha barabara humshusha hadi Matema katika ufukwe wa ziwa Nyasa.

Mwezi ukishajulikana, siku ndizo zinazochagua kanda. Mwenye siku tatu au nne akiwa Dar es Salaam asiwaze Arusha kwa barabara, bali apande treni ya kisasa, iliyoanza safari zake mwaka 2024, hadi Morogoro, kisha aende Mikumi kwa gari. Mwenye juma moja kaskazini anaweza kuunganisha Tarangire, Ngorongoro na Serengeti bila kukimbizana. Magharibi, yaani Gombe na Mahale pamoja na sokwe wake, kunahitaji siku za ziada kwa sababu ya umbali na usafiri wa boti katika ziwa Tanganyika; tena watoto wadogo na wenye mafua hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, ambao huambukizwa maradhi yetu kwa urahisi.

Fedha nazo zina hesabu isiyoonekana mwanzoni. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni wa mbali, kwa hiyo gharama yake kubwa haiko langoni, bali kwenye gari na malazi. Gari la watu sita likibeba watu wawili, kila mmoja hulipa mara tatu ya ambayo angelipa gari likijaa, na kwa sababu hiyo kutafuta wenzako kabla ya kutafuta hoteli ni hatua ya maana. Ulizia pia mabanda, hosteli na maeneo ya kambi yanayoendeshwa na hifadhi zenyewe. Kumbuka kwamba njia ya kawaida kutoka Arusha kwenda Serengeti hupita ndani ya eneo la Ngorongoro, ambalo lina mamlaka yake na ada zake, na kushuka kreta kuna ada nyingine tena. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu kabla ya kuingia. Noti mkononi hazikusaidii getini.

Ukiamua kuunganisha mlima na bahari katika safari moja, mlima utangulie. Sababu si uchovu peke yake. Aliyepiga mbizi kwa chupa za hewa hubaki na naitrojeni mwilini, na akipanda ndege au mlima mapema mno anaweza kupata maradhi hatari ya mgandamizo, hivyo apumzike angalau saa 18 baada ya kupiga mbizi mara kadhaa kabla ya kuruka, na azidi hapo ikiwezekana. Weka siku ya mwisho visiwani bila kupiga mbizi, na uvuke kwenda bara siku moja kabla ya ndege yako ya kurudi nyumbani, kwa kuwa kusi ikichafuka, boti huweza kuchelewa au kuahirishwa.