Somo: Kutunza Uumbaji kama Sehemu ya Nadhiri ya Ufukara

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wanovisi, yaani wanaojiandaa kuweka nadhiri, watawa waliokwisha kuziweka na walei wanaofuata karama ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Hatua zake zifuatwe kwa mpangilio, kwa sababu jumuiya nyingi huanza na ile ya mwisho, yaani bustani na miti, kisha hushangaa miche inapokauka na maisha ya ndani ya nyumba kubaki vilevile.

Hatua ya kwanza: someni Kanuni kabla ya kushika jembe. Kanuni ya Ndugu Wadogo, shirika alilolianzisha Fransisko, iliyothibitishwa na Papa Honorius wa Tatu tarehe 29 Novemba 1223, inaagiza katika sura ya sita kwamba ndugu wasijitwalie kitu chochote kuwa mali yao, iwe nyumba, mahali au kitu kingine. Tumezoea kuisoma sura hiyo kana kwamba inahusu fedha na majengo tu, ilhali inagusa pia maji, udongo na kivuli cha mti: anayetumia kisicho chake hukitumia kwa kiasi, hukiacha kikiwa kizima na hukumbuka kwamba wapo wengine wanaokihitaji. Kwa hiyo utunzaji wa uumbaji si kazi ya ziada ya ndugu anayesimamia bustani. Ni namna ya kuiishi nadhiri ya ufukara, na kila aliyeiweka anawajibika.

Hatua ya pili: salini kwa Wimbo wa Viumbe, polepole. Fransisko aliutunga mnamo 1225 akiwa mgonjwa huko San Damiano, kanisa dogo karibu na Asizi, macho yake yasiweze kuvumilia mwanga wa jua mchana wala wa moto usiku. Hata hivyo alimsifu Mungu kwa ajili ya Ndugu Jua na Ndugu Moto. Chukueni ubeti mmoja kwa juma baada ya masifu ya asubuhi. Msomaji makini atagundua, pengine kwa mshangao, kwamba hakuna ndege wala mnyama anayetajwa humo. Atakuta pia ubeti wa wale wanaosamehe, ulioongezwa wakati askofu na mtawala wa mji wa Asizi walipokuwa na ugomvi. Jumuiya isiyosemezana mezani isidhani kwamba bustani nzuri itaufidia ubeti huo.

Hatua ya tatu: ichunguzeni nyumba yenu. Hapa ndipo penye ugumu, kwa kuwa ni rahisi kulalamikia viwanda kuliko kuulizana nani aliacha taa ikiwaka usiku kucha. Katika kapitulo ya nyumba, yaani mkutano wa jumuiya nzima, ulizeni maji yanatoka wapi na yanapotea wapi, chakula kinachobaki kinafanyiwa nini, ni safari zipi za gari zingeweza kuunganishwa, na takataka zinapoondoka zinatupwa karibu na makazi ya nani. Swali hili la mwisho lisirukwe, maana Papa Fransisko, katika waraka wake wa tarehe 24 Mei 2015, alisisitiza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa pamoja. Baada ya mazungumzo, chagueni jambo moja tu la kurekebisha.

Hatua ya nne: shughulikieni ardhi. Thomas wa Celano, ndugu aliyeandika maisha ya Fransisko, anasimulia kwamba Fransisko aliwakataza ndugu waliokata kuni kuukata mti wote, ili ubaki na tumaini la kuchipua, na alimtaka mtunza bustani aache kingo zake bila kulimwa kwa ajili ya majani na maua. Fanyeni hivyohivyo.

Maswali ya wanachama

*Swali la novisi: Je, Shirika halina ofisi ya Haki, Amani na Uadilifu wa Uumbaji kwa kazi hii?*
Inayo, nayo huelimisha na kuratibu. Lakini haiwezi kufunga bomba linalovuja katika jiko lenu.

*Swali la mlei: Sisi tunaishi na familia zetu, hatuna bustani wala kapitulo ya nyumba. Tuanzie wapi?*
Anzieni na Kanuni yenu ya Wafransisko walei, iliyothibitishwa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1978, ambayo kifungu chake cha 18 kinawataka kuviheshimu viumbe vyote, vyenye uhai na visivyo na uhai. Kwa familia, uchunguzi wa hatua ya tatu huanza na yale mnayonunua, na yafaa watoto washirikishwe katika kuamua.

*Swali la sista: Kila mkuu wa nyumba anapobadilishwa, mpango hufa. Tufanye nini?*
Uamuzi uandikwe katika kitabu cha kapitulo, utajwe mhusika wake, na ukabidhiwe kwa mkuu mpya pamoja na hesabu za nyumba. Utathminiwe kila mwaka katika Kipindi cha Uumbaji, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi sikukuu ya Mtakatifu Fransisko tarehe 4 Oktoba, na jambo jipya lisiongezwe kabla la kwanza halijazoeleka.