Somo: Kupanga muda wa valvu kwenye Forester ya turbo, ukiwa Mbeya

Wakuu, heshima kwenu. Tangu niseme kwamba Forester yangu, toleo la SG5 lenye injini ya EJ20 ya turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), siku hizi inaamka mapema ikipanda kuelekea Chunya, maswali hayaishi. Wengi wanadhani nimebadilisha turbo. Sijaigusa. Nilichogusa ni muda wa valvu za kuingiza hewa, ule mfumo ambao Subaru wanauita AVCS, ndugu yake VVT-i ya Toyota.

Tuelewane kwanza. Kuvuta mbele kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, ni kuifanya valvu ya hewa ifunguke na kufunga mapema zaidi. Ikifunguka mapema inaikuta ya eksozi haijafunga, kwa hiyo kwa kitambo zote mbili ziko wazi. Fundi tunaita mpishano. Kama presha ya manifodi, njia ya kuingizia hewa, imeizidi ya eksozi, hewa mpya inasukuma moshi nje, silenda inajaa vizuri na turbo inachangamka. Presha ya eksozi ikiizidi ya manifodi, moshi unarudi ndani na nguvu inakufa. Somo lote ni kutafuta mpaka huo uko wapi kwenye gari lako. Digrii nitakazotaja, yaani kemshafti imevutwa mbele kiasi gani, ni za krenkshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. 30 za krenki ni 15 za kemshafti.

Hatua ya 1: oili, kabla ya kompyuta

Kemshafti inasogezwa na presha ya oili inayopitia solenoidi, valvu ndogo ya umeme. Oili ikiwa chafu au nzito kupita kiasi, utapanga namba mpaka uchoke. Yangu iliwahi kumwagiwa 20W-50 na fundi mmoja aliyesema "injini ya zamani inataka oili nzito". Asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba kompyuta inaomba digrii 25, kemshafti ya upande wa kulia wa injini inafika, ya kushoto bado inajikongoja.

Nilipofungua boliti yenye tundu inayopeleka oili upande ule, ndani nilikuta kachujio ka waya, kadogo kama kofia ya kalamu iliyokatwa. Nusu yake ilikuwa imezibwa na masizi meusi yanayonata kama lami. Nilikasafisha, nikarudi kwenye 5W-30, pande zote mbili zikaanza kwenda sawa. Bila hilo kukaa sawa, usiendelee.

Hatua ya 2: soma, usiandike

Unganisha laptopu, rekodi mizunguko ya injini kwa dakika, busti (presha ya hewa ya turbo), digrii za kemshafti kushoto na kulia, moto (digrii ambazo plagi inawasha), na marekebisho ya kugonga, yaani moto ambao kompyuta inaupunguza ikisikia injini inagonga. Endesha siku mbili kama kawaida. Hifadhi ramani ya kiwandani, yaani majedwali ya namba ambayo kompyuta ya gari inayafuata, sehemu mbili tofauti. Mimi niliwahi kuhifadhi moja tu, tusiongelee.

Hatua ya 3: jaribio

Mbeya hatuna haja ya kulilia mashine ya kupimia nguvu, mlima unatosha. Tafuta kipande kimoja cha kupanda, kinyoofu, kisicho na watu. Si Mlima Nyoka katikati ya malori, tafadhali. Tumia gia ya pili, ili usivuke mwendo halali, na uwe na mtu wa kuangalia laptopu.

Punguza moto digrii 2 au 3 kwenye eneo la busti. Weka kemshafti 0 kote, kanyaga kutoka mizunguko 2000 hadi 5500, rekodi. Rudia kwa 10, 20, 30. Joto la injini liwe lile lile, na kila kipimo ukifanye mara tatu. Baadaye angalia sekunde ngapi zimetumika kutoka 2500 hadi 3500, 3500 hadi 4500, na kuendelea. Penye sekunde chache ndipo penye nguvu.

Kwangu ilitulia hivi: sailensi (injini ikizunguka bila kukanyagwa) digrii 0, ili isitetemeke; mwendo wa taratibu digrii 15 hivi; mizunguko 2500 hadi 4000 turbo ikiwa inasukuma, digrii 30; kisha inashuka taratibu hadi 5 ikivuka 5000, kwa sababu turbo yangu ndogo inabana moshi huko juu. Usirukishe namba. Kutoka 30 kwenda 5 kwa kisanduku kimoja cha ramani utausikia mshtuko kwenye kiti.

Hatua ya 4: mafuta na moto upya

Hapa ndipo wengi wanaunguza vitu. Mpishano ukiwa mkubwa, hewa nyingine inapita moja kwa moja hadi eksozi bila kuungua. Sensa inaiona oksijeni hiyo na inaweza kukuambia mchanganyiko ni mkavu, yaani mafuta ni machache kuliko hewa, wakati ndani ya silenda mambo ni sawa. Ukiongeza mafuta kwa kuiamini, plagi zinatoka nyeusi na eksozi inazidi joto. Ukiona ukavu umetokea ghafla pale tu ulipoongeza digrii, punguza digrii kwanza, pima tena. Halafu urudishe moto kidogo kidogo, nusu digrii kwa nusu digrii. Silenda iliyojaa vizuri inagonga mapema kuliko ilivyozoea.

Kuhusu mwinuko

Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Presha ya hewa ni kilopaskali kama 83, pwani 101. Geji ya busti ikionyesha baa 1 hapa, hewa iliyoingia ni pungufu kuliko baa 1 ya Dar. Ramani ya kompyuta inahesabu gramu za hewa, haisomi geji yako. Kwa hiyo safu za mwisho za ramani hutazifikia kamwe ukiwa Mbeya. Siku utakayoteremka mlima Kitonga kuelekea Dar na kukanyaga kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, gari litaingia safu ambazo hujawahi kuzijaribu. Hizo mimi nimeziacha na digrii chache na moto wa kiwandani.

Maswali

*Tukuyu:* Mwagonile mkuu. Nina Toyota Mark II yenye injini ya turbo ya 1JZ-GTE na VVT-i. Inafaa?

Ndaga. Kanuni ni ile ile, valvu za hewa tu. Ila kompyuta yake ya kiwandani haifunguki kirahisi kama ya Subaru, utahitaji nyingine. Anza kwa kupima ukinzani wa umeme wa solenoidi: om 7 hivi ikiwa baridi. Ukiipa umeme wa betri kwa muda mfupi injini ikiwa sailensi, inatakiwa itetemeke au izime. Ikikaa kimya, kuna kitu kimeganda.

*Makambako:* Kaka, fundi ameniambia nichomoe waya wa solenoidi turbo iwahi.

Dada, kinyume chake. Ukichomoa, kemshafti inabaki 0 na gari linakuwa zito chini. Na taa itawaka kwenye dashibodi.

*Iringa:* Valvu hazitagonga pistoni?

Ndani ya mwendo wa kiwandani hapana, gia ya kemshafti ina kizuizi chake. Lakini mkanda unaozungusha kemshafti ukiwa umeruka jino, au umefunga kemshafti za mashindano, usiguse mpaka upime.

*Mbalizi:* Ile boliti ya oili, washa (pete) zake za shaba naweza kurudishia zile zile?

Nilirudishia. Nikiwa Iyunga nikaanza kunusa oili inaungua juu ya eksozi. Nunua mpya.